Kipande cha Nne

Mpango wa likizo uliandikwa mezani, kwenye daftari la hesabu lililobakiwa na kurasa, na aliyeuandika alikuwa na miaka tisa. Babu yake alimpa jina la Bibi Mipango tangu ana miaka mitano, siku alipowapanga watu wazima wa nyumba nzima foleni ya kunawa mikono, na jina likamganda. Kiangazi hicho, shule zikiwa zimefungwa wiki sita, Bibi Mipango alikuwa ameamua kwamba familia haitakwenda kumsalimia mtu wala kulala kwa shangazi yeyote. Itazunguka kuangalia wanyama, basi.

Mama yake alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na siku zake kumi za mapumziko aliziomba mara tatu ndipo akapewa. Baba yake alikuwa fundi wa simu, mtu wa mzaha tangu anapoamka mpaka anapopiga miayo, naye alisema kibanda chake kinaweza kufungwa siku kumi na dunia isisimame. Kwa hiyo siku zilikuwepo. Mtoto akasimama juu ya kiti ili asikike vizuri, akasoma.

Kwanza wangekwenda shamba la mamba, siku mbili. Pili bustani ya ndege na nyoka, kwa kuwa mama anaogopa nyoka na mwalimu amesema kitu unachokiogopa ukitazame machoni. Tatu, siku ya mwisho kabisa, ili warudi nyumbani wakiikumbuka hiyo hiyo, bustani kubwa ya wanyama yenye Ujia wa Simba.

Babu yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, akinyoosha mguu wa jiko la mafuta uliopinda. Koleo ilimponyoka ikaangukia kidole cha mguu, wala hakusikia maumivu mpaka baadaye.

"Pale watu ndio wanaofungiwa, Babu," Bibi Mipango akamweleza, maana aliona ameacha kazi na kumtazama. "Simba wako huru. Unatembea ndani ya wavu, mrefu kama mabasi matatu, na wao wanapita juu ya kichwa chako. Saa nane wanarushiwa nyama juu ya paa. Wewe unalala chali chini yake unaona makucha yote. Rafiki yangu aliona mpaka ulimi."

"Hao watu wanalala wapi?" mzee akauliza.

"Katikati. Wameweka mkeka mwekundu."

Ujia ule ulikuwa na vipande saba. Katikati ya saba ni cha nne. Mzee aliinama kuokota koleo, na alipoinama akabaki hapo hapo kwa muda, kichwa karibu na magoti, kwa sababu kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka na hakutaka wakione.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Vipande vyote saba vya ujia ule vilipita mikononi mwake na mwa mwenzake waliyemwita Shoto, kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto. Ilikuwa miaka minne nyuma. Karakana yao ilikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeuandika na kila mmoja aliufuata. Chuma kwanza hushikizwa, yaani kinapigwa moto nukta tu ili kisimame mahali pake. Aliyeshikiza anachora duara la chaki pembeni ya nukta. Atakayekuja kufunga mshono wote, awe ni yeye au mwingine, akishamaliza anafuta duara kwa mkono wa ovaroli. Ukiona duara, kazi haijaisha. Usipoliona, imeisha. Hamna haja ya kuulizana wala ya makaratasi, na watu ambao shule waliiona kwa dirishani waliweza kujenga daraja kwa utaratibu huo.

Sasa wiki ile ya mwisho wakubwa wakapata habari kwamba mheshimiwa fulani atakuja kukata utepe, na atakuja siku tano kabla ya ile iliyopangwa, maana baada ya hapo ana safari. Msimamizi wao, ambaye jina lake kazini lilikuwa Chapuchapu, akaingiwa na kichaa. Siku hiyo hiyo mke wa fundi alizidiwa akapelekwa hospitali. Fundi aliacha kipande cha nne kikiwa kimeshikizwa tu, viungo kumi na viwili vya paa, kila kimoja na duara lake jeupe, akakimbia wodini na ovaroli mwilini. Alikaa huko siku mbili. Aliporudi asubuhi ya tatu kuchukua vifaa vyake, ujia wote ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, nzito, mpaka juu.

Maduara hayakuwepo tena. Alimuuliza Shoto kama alivifunga viungo vile. Shoto akamwambia, mimi nilikuta rangi, nikajua ulirudi jana ukamaliza. Wakatazamana. Fundi akaenda kwa Chapuchapu akamwambia ile rangi ikwanguliwe kwenye kipande cha nne. Chapuchapu alikuwa na simu mbili masikioni. Akamwambia kazi imekwisha, kila mtu ameona imekwisha, na asipotia saini karatasi ya kukamilisha hatoki getini, maana mlinzi ameamriwa asimtoe fundi bila karatasi. Hospitalini walikuwa wamemwambia awahi. Fundi akatia saini. Kusoma kulikuwa kunamchukua muda, na muda hakuwa nao.

Mkewe alifariki baada ya wiki tatu. Baada ya hapo mzee alikuwa na watu wengi wa kulaumu, na aliwalaumu kwa zamu. Alimlaumu daktari mkuu ambaye alipita wodini akitazama saa yake. Aliwalaumu wenye mamlaka ya maji, wa barabara, wa umeme, mkuu wa shule, mwenye nyumba, na mtangazaji wa redio kwa sababu alicheka akisoma habari. Mtaani wakamwita Mzee Lawama. Katika orodha yote ile, Ujia wa Simba hakuwahi kuutaja hata mara moja. Ukitajwa redioni alizima. Alijiambia lazima kuna mtu alikagua. Watu wanalipwa mshahara wa kukagua, au siyo?

Siku tatu alijaribu kuuvuruga ule mpango kwa njia za mzunguko. Alisema kule kuna viroboto. Alisema simba wa kule ni wazee, hawana meno, utalipa uone paka mkubwa amelala. Alimshauri Bibi Mipango wakae shamba la mamba siku nne badala ya mbili, kwa kuwa mamba hana haraka na mtu wa kumwangalia naye asiwe na haraka. Mtoto akamtazama kwa huruma, akamwambia kwamba mpango ukishaandikwa kwa kalamu ya wino haubadilishwi.

Siku ya nne, wakati wa chakula cha jioni, akasema kweli nusu.

Alisema ujia ule haukujengwa vizuri. Wakubwa waliharakisha, walitaka picha zao zitoke, na mtu mwenye akili asimpeleke mtoto wake mle. Bintiye aliweka kijiko chini. Alikuwa amesimama tangu asubuhi kwenye mvuke wa mashine za kupigia pasi mashuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba, tena?" akasema. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamkumbusha mwaka jana alivyosema maji ya bomba yametiwa sumu, nyumba nzima ikachemsha maji wiki tatu, kumbe ni kutu ya ndoo yao wenyewe.

Mkwewe alikuwa na mzaha wake tayari. "Baba, hebu niambie. Kuna kitu chochote hapa kwetu kimejengwa vizuri?"

"Nilichojenga mimi."

"Na huo ujia si ulijenga wewe? Marehemu mama alitusimulia sote, mume wangu anawajengea simba barabara."

Mkwe akacheka, mtoto akacheka kwa kuwa baba yake amecheka. Mzee alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga nyuma ya meno: sikumaliza, nikasaini nimemaliza. Akayaona yakitoka, akaona uso wa bintiye utakavyokuwa, akaufunga mdomo na kutafuna kitu ambacho hakikuwemo.

Jumanne, bintiye na mkwewe wakiwa wamekwenda kazini na mtoto yuko kwa jirani, alivaa ovaroli yake ya buluu aliyokuwa hajaivaa tangu aachishwe kazi, akapanda basi kwenda bustanini. Alijiambia anakwenda kuhakikisha. Huenda walikwangua, wakafunga. Huenda miaka minne hii amejitesa bure. Njia nzima alikuwa akijiambia hivyo.

Ilikuwa saa saba na nusu alipofika kwenye mdomo wa ujia. Mlinzi alikuwa kijana mwenye filimbi, akamwangalia ovaroli, akamfungulia kamba bila neno.

Ndani mlinuka majani makavu na mkojo wa paka mkubwa. Wavu kushoto, wavu kulia, wavu juu. Alizihesabu nguzo zilizopindwa kama mbavu. Kipande cha kwanza kilikuwa kizima. Aliiona mishono yake mwenyewe chini ya rangi, minene, imepandana kama magamba ya samaki. Cha pili kizima. Cha tatu alikifunga Shoto, mishono imelalia kushoto, nacho kizima. Alianza kupumua.

Chini ya kipande cha nne palikuwa na mkeka mwekundu, na juu ya mkeka watoto kumi na moja au kumi na mbili wamelala chali, vichwa kwa miguu, wanachekeana. Mwalimu wao wa darasa la likizo alikuwa amejikunja pembeni na mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni. Mzee alisimama juu yao akainua macho.

Palipaswa kuwa na magamba. Palikuwa na vichunusi. Rangi ilikuwa imevifunika vikafanana na matone ya nta, na mtu asiye fundi angedhani ndivyo chuma kilivyo. Alivihesabu, kumi na viwili, vyote alivyoviacha. Vinne vilikuwa vimepasuka rangi, na chini ya kila kimoja kutu imechuruzika mstari mwembamba mwekundu kando ya wavu. Kwenye kimoja aliona mwanga katikati yake.

Alijua uzito aliokuwa ameambiwa paa libebe, na alijua vile vichunusi vinabeba nini: vinabeba karatasi. Vilishikizwa ili chuma kisimame siku moja ya kazi. Vilikuwa vimebeba simba miaka minne.

Nje kengele ikalia. Watoto wakanyamaza wote kwa pamoja. Mtunza wanyama alikuwa kwenye mnara wake wa ngazi, na pande la nyama likapita hewani, likatua juu ya paa kwa kishindo cha gunia lililolowa. Vumbi la rangi ya kijani likamdondokea mzee machoni. Akawa anapangusa, kwa hiyo hakumwona dume anavyokuja. Alimsikia. Wavu wote uliimba kutoka kipande cha kwanza, mlio wa chini kama wa mashine kubwa inayowashwa, ukaja, ukaja, halafu mwanga ukapungua. Alipofumbua macho, tumbo lilikuwa juu yake, jeupe chafu, linapanda na kushuka, na nyayo nne zimekanyaga wavu ukabonyea kama kitanda cha zamani.

"Meno yake, ona meno yake," mtoto mmoja akanong'ona.

Ndipo mzee aliposikia. Tik.

Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Hakuna mwingine aliyeushtukia. Yeye alikuwa ameusikia karakanani miaka thelathini, na kila walipousikia watu waliruka nyuma kwanza, wakauliza baadaye. Aliinua macho. Kile kiungo chenye mwanga sasa kilikuwa kimeachana, upana wa ukucha.

Alitaka kupiga kelele. Halafu akili ikamjia kwamba akipiga kelele watoto watakimbia, watakanyagana, na simba akiona mtoto anakimbia chini ya miguu yake ataruka. Aruke mara moja tu. Alisimama pale akiwa hajui la kufanya, mpaka alipoona mwalimu anamtazama, anatazama ovaroli, anasubiri, kama watu wanavyomsubiri mtu mwenye cheo aseme.

Basi akasema. Alitumia sauti ya Chapuchapu, ile ile aliyoichukia, ya pua na haraka.

"Haya, kundi hili muda wenu umekwisha. Mnainuka polepole, hakuna kukimbia. Mwalimu, tangulia na wadogo. Wewe mama, mfuate."

Mtoto mmoja alilalamika kwamba ndiyo kwanza wamelala. Mwalimu akamwambia asibishane na mkubwa. Wakainuka, wakajipanga wawili wawili, wakaondoka kwa mwendo wa kutembea huku wanageuza shingo nyuma. Ilichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai ya moto. Mzee alikuwa wa mwisho. Alitembea kinyumenyume, macho juu. Tik ya pili aliisikia akiwa kipande cha tano.

Mlinzi mwenye filimbi alipotaka kuingiza kundi linalofuata, alimkuta mzee amezunguka kutoka mlango wa kutokea, ameshika kamba kwa mikono miwili, ameuziba mlango kwa mwili mzima. Akamuuliza ametumwa na nani. Mzee akasema hajatumwa. Kijana akamtazama tena vizuri, akaona ovaroli haina nembo ya bustani, akapuliza filimbi, na walinzi wawili wakaja wakamshika kwapani. Aliwaambia kitu kimoja tu, wasiingize mtu, na akakirudia njia nzima mpaka ofisini. Mmoja wao alikuwa amemwona usoni, naye akarudi kuifunga kamba, kwa woga wake mwenyewe tu, bila amri ya mtu.

Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, mezani kwake pana sanamu ndogo ya twiga na kalamu zimepangwa kwa urefu. Alimpa kiti. Mzee alianza kwa njia aliyoizoea. Akaanza na wakubwa, akaja kwa mheshimiwa na utepe wake, akapita kwa wapaka rangi, akafika kwa Chapuchapu, akarudi kwa wakubwa. Kadiri alivyosema ndivyo uso wa meneja ulivyozidi kufungwa, kama duka. Alikuwa amewasikia wazee wengi wa namna hii. Akamngojea avute pumzi, akasimama, akatoa faili kabatini, akalifungua.

"Mzee wangu, hapa kuna cheti cha kukamilisha. Kinasema mishono yote imefungwa na imekaguliwa na fundi. Fundi ametia saini. Sasa nimsikilize yeye au nikusikilize wewe?"

Aliligeuza faili ili alione. Mzee hakuhitaji kusoma. Aliiona saini, herufi tatu na mkia, alivyofundishwa na mkewe mwaka waliooana, amemshikia mkono juu ya mkono wake, kwa sababu alimwambia mume wangu hatapiga dole gumba kama mfungwa. Iliandikwa kwa haraka, mkia umepotoka. Alikumbuka hata kalamu.

Sasa hofu nyingine ikamjia, iliyokaa juu ya ile ya kwanza. Angeweza kusema hamjui huyu. Angeweza kuinuka, akaenda nyumbani, akavunja kitu, akaugua, akafanya lolote ili safari ya siku ya mwisho isiwepo. Mjukuu wake angepona. Na saa nane kesho mkeka ungejaa wengine.

"Huyo ni mimi," akasema.

Meneja hakuelewa.

"Saini ni yangu. Chapuchapu aliniambia nisaini ndiyo nitoke, na mke wangu alikuwa wodini. Lakini mkono ni wangu. Viungo kumi na viwili vya kipande cha nne sikuvifunga, na nilijua sikuvifunga. Nipeleke popote, mama. Ila leo usimwingize mtu mle."

Meneja akamwambia taratibu kwamba neno hilo akishalisema mbele ya walinzi hawezi kumfichia, itabidi aite polisi. Mzee akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo meneja alipoinua simu, na kwanza hakuita polisi. Aliamuru simba waingizwe bandani wote na fundi wa bustani apande juu ya paa na nyundo.

Walisubiri. Kwa kuwa walimtaka ataje ndugu, alitoa namba ya bintiye, na mlinzi akampigia. Dirishani ulionekana ujia wote, wa kijani, mzuri, kama kitu kwenye picha ya kalenda. Fundi wa bustani alionekana anapanda, anatambaa kwa magoti, anainama. Hakuinua nyundo. Baada ya muda mfupi akashuka, na alikuwa anashuka kwa kuangalia sana anapoweka mguu.

Aliingia ofisini akaweka kipande cha chuma juu ya meza, urefu wa kiganja, kimevunjika pande zote mbili, safi.

"Hiki nimekitoa kwa vidole," akasema. Akakaa bila kukaribishwa. "Watoto wangu wawili walilala pale siku ya kufunga shule."

Bintiye alifika akiwa na aproni ya kufulia na harufu ya sabuni, amekimbia kutoka kituoni. Alikuwa ameambiwa baba yake amefanya fujo kwenye bustani ya wanyama, na njiani alikuwa ameshaandaa maneno ya kuwaomba radhi. Meneja alimwonyesha chuma, akamwonyesha cheti, akamweleza kwa sentensi chache alivyoambiwa na mzee, habari ya chaki, rangi na saini. Binti alilitazama faili muda mrefu. Saini ile aliijua, alikuwa akiiona kwenye ripoti zake za shule.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mama yako yuko wodini."

"Miaka minne." Aliongea polepole, kama anayehesabu mashuka. "Watoto wa watu wamelala pale miaka minne. Baba, yule mtoto asingeuandika ule ujia daftarini, ungesema?"

Alitafuta wa kulaumu. Alimtafuta kwa dhati, alivyozoea, akapapasa huku na huku, na hakumpata mtu wa kusimama kati yake na swali lile. Aliangalia mikono yake. Binti alisubiri jibu, kisha akaacha kusubiri, akavuta kiti akakaa. Hakukaa karibu naye, wala hakutoka.

Meneja alikuwa ameinua simu kuita polisi wakati fundi wa bustani aliponyoosha kidole. Alikuwa bado anakitazama kile chuma.

"Mzee, hebu subiri. Kumbe mlikuwa mnaweka alama ya chaki, mwingine anafuta. Rangi ikipita juu ya chaki?"

"Inaonekana imeisha."

"Hiyo rangi iliwapita hapa tu?"

Kulikuwa na jambo ambalo mzee hakuwahi kulihesabu kwa sauti, hata peke yake. Nje, ndani ya banda, simba mmoja alikuwa anasukuma mlango wa chuma kwa bega, taratibu, kila baada ya muda, bila hasira.

"Tulipitwa mara tatu," akasema mwishowe. "Hapa. Na jukwaa la uwanja wa mpira. Na ngazi za shule ya ghorofa."

Bintiye alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake na hakuna aliyekiokota. Shule ya ghorofa ilikuwa moja tu, na darasa la Bibi Mipango lilikuwa juu kabisa. Mtoto alipanda ngazi zile kila asubuhi na wenzake mia tatu, wakisukumana, kengele ikilia.

"Shule imefungwa," mzee akasema haraka. "Imefungwa bado wiki tano. Hakuna mtu mle."

"Ngazi zipi?" binti akauliza. "Za mbele au za nyuma? Baba, niangalie. Zipi?"

Alifumba macho apate kuona. Aliona ngazi, akaona ovaroli ya Shoto, akaona ndoo za rangi zimepangwa ukutani. Hakuona ni za upande gani. Meneja alikuwa amevuta karatasi nyeupe na kuchagua kalamu, akamwambia asikimbilie, aanze na mwaka ule walioanza kazi ya shule, nani alishika upande gani. Mzee akaomba maji. Walimletea, akayashika bila kuyanywa, akaanza kusema, na kila alipokwama bintiye alimwuliza tena swali lile lile, kwa sauti ile ile, akiwa bado amesimama.